Nunua gari la Machi, si la Novemba

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, soko la magari yaliyotumika katika miji ya Masasi na Newala nalo huchangamka. Mnada wa kwanza wa msimu wa 2024/25, uliofanyika Oktoba 2024, ulivusha bei ya kilo moja juu ya shilingi 4,000, na habari kama hizo hazikai ghalani. Zikishasikika, mazungumzo ya vijiwe hugeuka haraka kutoka bei ya kilo kwenda bei ya magari, hasa yale marefu ya kuvuta kwa magurudumu manne.

Ukurasa huu hauna ugomvi na mkulima, mwalimu au mwenye duka anayetaka gari la kumpeleka kazini siku za wiki na kumfurahisha Jumapili. Raha nayo ni matumizi halali ya fedha. Tatizo ni kwamba gari hununuliwa Novemba, fedha zikiwapo na njia zikiwa bado kavu, wakati mtihani wake halisi huja Machi. Mwezi huo mvua zimeshiba, ada za shule zimelipwa, na malipo mengine ya korosho yako mbali. Gari linaloegeshwa chini ya mwembe Machi kwa kukosa spea au mafuta si la raha tena. Ni mtaji uliolala.

Wiki hii tunaangalia namna ya kuchagua gari litakaloendelea kutembea mwezi huo wa Machi.

Udongo uulizwe kwanza

Kusini kuna funzo la zamani kuhusu jambo hili. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, jirani kabisa na Masasi. Mashine zilitafutwa kwa haraka, na baadhi zilikuwa masalia ya jeshi la Marekani yaliyonunuliwa Ufilipino. Zilikuwa na nguvu, lakini ardhi haikuulizwa. Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu, zana zikavunjika, mafundi na vipuri havikutosha. Mradi ulifutwa mwaka 1951, na reli ya Mtwara hadi Nachingwea iliyojengwa kwa ajili yake ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mashine zilizotumika, zilizonunuliwa kwa ukubwa wake kabla ya kujua zitakanyaga wapi, ziliwashinda hata wenye hazina ya dola.

Mnunuzi wa leo ana hazina ndogo zaidi, kwa hiyo aanze na njia zake. Kwa anayeishi kati ya Masasi na Newala, njia hizo ni za namna tatu.

Kwanza ni mchanga wa juu ya uwanda wa Makonde. Huu ni mbaya zaidi wakati wa kiangazi, kwa sababu mchanga mkavu hulegea na kumeza tairi. Mvua ikinyesha hushikamana, na gari hupita vizuri kuliko mgeni anavyotarajia.

Pili ni miteremko ya kingo za uwanda, ukishuka kuelekea Masasi au bonde la Ruvuma. Hapa mvua huchimba mifereji na kuacha utelezi, na dereva huhitaji gia nzito na breki nzima kuliko mwendo kasi.

Tatu ni lami. Barabara ya Mingoyo hadi Masasi ina lami, na kutoka Masasi lami inaendelea kupitia Mangaka na Tunduru hadi Songea. Mikataba ya kujenga kwa lami kilometa 160 za Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi ilisainiwa mwaka 2023. Kila kipande cha lami kinachokamilika kinapunguza siku ambazo gari refu linahitajika kweli. Anayenunua leo anunue akijua hivyo.

Uzito una gharama

Katika mchanga, adui wa kwanza ni uzito. Gari la tani moja hupita juu ya mchanga ambao gari la tani mbili huuchimba. Ndiyo maana ukubwa wa injini peke yake haumsaidii mnunuzi. Yafuatayo ni makundi manne ambayo mnunuzi wa kawaida hukutana nayo sokoni.

Suzuki Jimny. Ile ya soko la Japan iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1998 hadi 2018 ina injini ya sentimeta za ujazo 658 yenye tabo, na uzito wake hauzidi sana tani moja. Ina chasisi ya ngazi, eksli nzima mbele na nyuma, na gia nzito za 4L. Kwa mtu mmoja au wawili, hili ndilo gari la raha kuliko yote manne, kwa maana linapita penye wakubwa wanaokwama na halinywi sana. Injini yake, K6A, ni ya familia moja na ile ya Suzuki Carry nyingi zilizotengenezwa miaka ya 2000, zile tunazoziita kirikuu. Fundi wa kirikuu hatakuwa mgeni kabisa, ingawa tabo inadai oili safi na nidhamu ya kuibadilisha. Kasoro zake ni kiti cha nyuma chenye nafasi finyu, kuchoka katika safari ndefu za lami, na usukani kutetemeka bushi na beringi za mbele zikiisha.

Suzuki Escudo, ambayo nje ya Japan huitwa Vitara. Zile za mwaka 1988 hadi 2005 nazo zina chasisi ya ngazi, na nyingi zina gia za 4L. Yenye milango mitano inabeba familia na mizigo ya sokoni. Injini ya lita 1.6 inatosha kwa uwanda wetu. Ile ya silinda sita ya lita 2.5 ni tamu kuendesha, lakini utamu huo hulipwa kituo cha mafuta.

Toyota RAV4. Ile ya mwaka 1994 hadi 2000 ni gari jepesi, lina spea nyingi na linafaa sana kwa anayeishi Masasi mjini na kupanda Newala mara chache. Halina gia nzito, kwa hiyo lisilazimishwe kwenye mifereji. Kwa zile za mwaka 2000 hadi 2005 kutoka Japan kuna mitego miwili. Ya lita 1.8 huvuta kwa magurudumu ya mbele tu, hata kama muuzaji anasema vingine. Ya lita 2.0 yenye maandishi D-4 inaingiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na pampu yake ya msukumo mkubwa haipendi mafuta machafu wala fundi wa kubahatisha.

Toyota Land Cruiser. Prado ya mwaka 1996 hadi 2002 yenye dizeli ya lita 3.0, injini 1KZ-TE, ni starehe tupu hadi siku rejeta itakaposhindwa kazi. Injini hiyo ikichemka, silinda hedi hupasuka, na gharama yake inaweza kumeza faida yote ya kununua kwa bei nafuu. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye dizeli ya lita 4.2, injini 1HZ, inavumilia zaidi, na ndiyo maana taasisi nyingi huipenda. Lakini ni nzito, na ilikusudiwa kazi. Gari hilo likibeba mizigo na kulipwa, lina hesabu yake. Likienda kazini na kurudi na mtu mmoja, halina.

Hesabu ya mwezi

Tuchukue mfano. Magari mawili yanatembea kilometa 1,000 kila mwezi. La kwanza linakwenda kilometa 8 kwa lita moja, la pili kilometa 14. La kwanza litakunywa lita 125 na la pili lita 71. Tofauti ni lita 54 kwa mwezi, sawa na lita zipatazo 640 kwa mwaka. Msomaji azidishe kwa bei kikomo ya EWURA, ambayo hutangazwa kila mwezi, na atapata gharama ya mwaka ya kupenda kimo.

Ikumbukwe pia kwamba ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, na serikali ikaongeza ushuru wa bidhaa kwenye mafuta kwa shilingi 40 kwa lita. Gari lililosimama halidaiwi tena ada hiyo, lakini linalokunywa sana hulipia barabara zaidi kila linapojaza tangi.

Kwa anayeagiza mwenyewe kutoka Japan, ujazo wa injini na umri ni fedha. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini inayozidi ujazo wa 1,000 hadi 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi 2,000. Isiyozidi 1,000 haitozwi ushuru huo wa ujazo. Kuna na ushuru wa uchakavu kwa gari kuukuu, kwa hiyo bei ya kule Japan isimdanganye mtu. Apate makadirio ya TRA kwanza, ndipo atume fedha.

Kukagua kabla ya kulipa

Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa gari la mitumba, njia ya kuwajua kunguni ni kwenda na fundi wako, si wa dalali, na kufanya haya:

Liwashwe likiwa baridi kabisa. Muuzaji aliyekwisha kulipasha moto kabla hujafika anaweza kuwa anaficha jambo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma, pamoja na maji kupungua, ni ishara ya silinda hedi.

Fundi alale chini yake. Achunguze kutu na viraka vya kuchomelea kwenye chasisi, oili inayovuja kwenye difu, na springi za nyuma. Gari lililobeba magunia ya salfa na korosho misimu mitatu litajulikana kwa mgongo wake, hata kama limepakwa rangi jana.

Lijaribiwe mchangani, si kwenye lami. Weka 4H, kisha simama uweke 4L, na uhakikishe magurudumu ya mbele yanavuta kweli. Mfumo huo ndio sababu ya kununua gari la aina hii, na ndio unaosahaulika kukaguliwa.

Zisomwe karatasi. Herufi za namba ya usajili zinaonyesha zama gari liliposajiliwa nchini, si mwaka lilipotengenezwa. Namba ya chasisi ilingane na kadi, jina kwenye kadi liwe la anayepokea fedha, madeni ya faini za barabarani yaangaliwe, na umiliki uhamishwe TRA mapema. Gari lenye jina la mtu mwingine si lako bado.

Mafungu matatu ya fedha

Kosa kubwa kuliko yote ni kumaliza fedha siku ya kununua. Mwenye shilingi milioni 20, kwa mfano, asitafute gari la milioni 20. Atafute la milioni 16. Milioni 2 ziende mara moja kwenye tairi nne zinazolingana, oili zote, chujio la hewa, bushi na rejeta. Milioni 2 zilizobaki zikae benki zikisubiri Machi. Msimu wa 2018/19 uliwafundisha wakulima wengi kwamba bei ya korosho inaweza kutangazwa, na malipo yakachelewa. Gari halisubiri malipo. Likiharibika linadai siku hiyo hiyo.

Kati ya vifaa vya kununua kwanza, pampu ndogo ya upepo na kipimo chake vina faida kuliko taa za mapambo. Ukipunguza upepo wa tairi kabla ya kuingia mchanga mzito, gari jepesi litapita pale ambapo lingehitaji kusukumwa. Ukirudi kwenye njia ngumu jaza tena, maana tairi lenye upepo mdogo kwenye lami huchemka na kupasuka.

Kwa msomaji anayetaka jibu fupi, maoni ya ukurasa huu ni haya. Mwenye familia na fedha za wastani aanze na Escudo ya lita 1.6. Asiye na mzigo wa watoto achukue Jimny, na wa mjini Masasi achukue RAV4 ya zamani. Land Cruiser ibaki kwa mwenye kazi ya kuilipa.

Atakayefanya hivyo hatatazamwa sana Novemba. Lakini Jumapili moja ya Machi, anga likifunguka baada ya mvua, atapakia familia yake, atafika Shimo la Mungu pale Newala, atalitazama bonde la Ruvuma likiwa kijani hadi upande wa Msumbiji, na atarudi nyumbani na mafuta ndani ya tangi.