SIMU USIKU NA AFYA YA AKILI

Wapo wanaofika zahanati wakilalamika kichwa, moyo kwenda mbio na uchovu. Tukipima malaria, haipo. Tukiuliza walilala saa ngapi, wanajibu: saa nane usiku, simu mkononi.

Facebook na TikTok hazina ukurasa wa mwisho. Ukisogeza picha moja kwa kidole, inakuja nyingine. Kutojua kama ijayo itachosha au itafurahisha ndiko kunakokushika, kama mcheza kamari. (Bao lina afadhali, linakwisha watu wakalale.) Asiyelala vizuri siku nyingi huwa na hasira, wasiwasi na huzuni.

Hapa kwetu liko jambo zito zaidi. Tarehe 3 Desemba, 2023, matope ya Mlima Hanang yalishuka Katesh yakaua watu zaidi ya 80. Picha zikasambaa kwenye simu. Aliyenusurika au aliyefiwa akizitazama kila usiku, mwili wake hushtuka upya kama siku ile: jasho, kutetemeka, ndoto mbaya. Huyo hana mapepo, wala si mwoga. Mwombe mzifute pamoja picha hizo. Simu yake ilale chumba kingine, naye apate mtu wa kuongea naye jioni. Nanyi majirani, acheni kumtumia nyingine.

Akipitisha wiki mbili halali wala hali vizuri, mlete zahanati. Akisema afadhali afe, usimwache peke yake. Mlete siku hiyo hiyo, hata kama ni siku ya mnada.