Mama aliyepoteza ujauzito naye aulizwe hali yake



Mama anapojifungua salama, chanjo za mtoto humrudisha kliniki, na mhudumu hupata nafasi ya kumwuliza naye anaendeleaje. Lakini mama ambaye mimba yake imeharibika, au ambaye mtoto wake amezaliwa mfu, hana kadi ya mtoto ya kumrudisha huko. Akishatoka wodini, mara nyingi hakuna tena anayemwuliza. Juu ya jambo hilo twapenda kutafakari nanyi, waamini wa Ngokolo na wa Jimbo letu lote la Shinyanga.

Huzuni baada ya msiba huo si ugonjwa, wala si upungufu wa imani. Lakini ikimlemea mama kwa majuma mawili au zaidi hata ashindwe shughuli zake, akikosa usingizi, akijilaumu, akijitenga au akitamani kufa, yawezekana ni sonona. Huo ni ugonjwa, nao hutibika kwa ushauri nasaha na, inapobidi, kwa dawa.

Uchunguzi wake huanza kwa maswali tu. Dodoso la Edinburgh, lililotolewa mwaka 1987 kwa ajili ya akina mama waliojifungua, lina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita; la mwisho lahusu mawazo ya kujidhuru. Alama za juu si hukumu, bali huonyesha kwamba mama apaswa kuchunguzwa zaidi na mtaalamu. Wala tusiogope: kumwuliza mtu kama anawaza kufa hakumpandikizii wazo hilo. Akikiri, asiachwe peke yake. Afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Wengine huteswa na swali la mtoto aliyekufa bila Ubatizo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1261, yafundisha kwamba Kanisa humkabidhi mtoto huyo kwa huruma ya Mungu, likitumaini wokovu wake. Tena Kanuni ya 1183 yamruhusu Askofu kukubali mazishi ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza. Basi wazazi wasizike kwa siri na kwa aibu, wamwone paroko.

Twaziomba jumuiya ndogondogo na WAWATA wamtembelee mama huyo kama wanavyokwenda kwenye msiba mwingine wowote, tena si mara moja tu. Wasimwambie, “Mungu atakupa mwingine,” wala wasitafute mchawi. Wamsikilize, wamsaidie kuteka maji na kupika, na baada ya majuma mawili wamwulize tena. Hali isipotulia, wamsindikize kituo cha afya. Baba naye amefiwa. Akiwa mbali machimboni, aitwe nyumbani.

Kanisa Kuu letu limewekwa chini ya Mama Mwenye Huruma, aliyempakata Mwanawe akiwa amekufa. Mama wa Ngokolo aliyempoteza mwanawe asiachwe kulia peke yake.