Asali: Chakula Kilicho Dawa

Wahenga walisema, “Fuata nyuki ule asali.” Katika misitu ya miombo ya wilaya ya Songea usemi huo ni kazi ya kila mwaka. Miti kama mtundu na myombo inapochanua, nyuki hukusanya mbochi na kuupeleka mzingani. Huko huuchanganya na vimeng’enya vya miili yao, huupepea kwa mabawa mpaka maji yapungue na kufikia asilimia 20 hivi au chini yake, kisha huziba sega kwa nta.

Tangu kale asali imetumika kutuliza kikohozi na kupaka vidonda. Wamisri waliandika juu ya matumizi hayo yapata miaka 3,600 iliyopita. Je, sayansi yasemaje?

Asali hupambana na bakteria kwa njia tatu. Kwanza, takriban asilimia 80 yake ni sukari, nayo huvuta maji kutoka katika bakteria kwa osmosisi. Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili darasani: kipande cha kiazi kibichi kikilazwa katika asali usiku kucha, asubuhi huonekana kimesinyaa, na asali iliyokizunguka imekuwa nyepesi. Pili, asali ina asidi. pH yake ni karibu 4, hali isiyowafaa bakteria wengi. Tatu, ikichanganyika na majimaji ya kidonda, kimeng’enya kimojawapo huitumia glukosi na kutoa polepole haidrojeni peroksaidi, kemikali inayoua vijidudu. Joto kali huharibu kimeng’enya hicho. Ndiyo sababu asali iliyochemshwa hupoteza sehemu ya nguvu zake.

Hata hivyo, mipaka yake yafaa ijulikane. Asali yaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Mtu mzima hazimdhuru kwa kawaida, lakini katika utumbo wa mtoto mchanga huweza kuota na kutoa sumu inayolegeza misuli hata ile ya kupumulia. Kwa hiyo mtoto asiyetimiza miezi 12 asilambishwe asali, hata kidogo. Mgonjwa wa kisukari akumbuke kwamba asali ni sukari. Aliyeungua vibaya au mwenye kidonda kirefu apelekwe hospitali. Asali inayotumiwa na madaktari kufungia vidonda husafishwa kwanza kwa mionzi, tofauti na ile itokayo moja kwa moja mzingani.