Muuaji Tunamjua, Sasa Tunasoma Nini?

Sisi tuliolelewa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), tunasoma kwa swali moja: nani kaua? Sasa nimesoma kwa mara ya kwanza Crime and Punishment ya Mrusi Dostoevsky (1866), na swali hilo halina kazi. Mapema tu, katika sehemu ya kwanza kati ya sita, Raskolnikov, mwanafunzi aliyeacha chuo kwa ufukara, anamuua kwa shoka bibi mkopesha fedha kwa rehani. Lizaveta, nduguye bibi huyo, anaingia ghafla, naye anauawa.

Kwetu Singida yanakumbukwa mauaji ya watu-simba ya miaka ya 1940: binadamu waliua, lawama akabebeshwa mnyama. Raskolnikov naye kajivika ngozi, ila yake ni nadharia: eti watu wakubwa wanaruhusiwa kuvuka sheria. Bibi yule nadharia ilimtaja, Lizaveta je? Kwake haina hata neno. Hapo ngozi inachanika, na kinachobaki ni mtu anayejihukumu kabla ya hakimu.

Wanachuo wenzangu, hoja zetu nzuri zina akina Lizaveta wangapi? Isomeni, halafu tubishane.