JINA LANGU LILIPOPOTEA NDANI YA TARAKILISHI

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza kwamba aliyeviunda ana haki ya kutajwa. Hebu nikusimulieni, wanachama wenzangu na walimu wetu wapendwa, jinsi nilivyonyang'anywa kazi yangu na faili moja ndogo, na jinsi nilivyojifunza kuifungua na kuirekebisha.

Muhula wa pili nilikaa wiki tatu katika maabara ya tarakilishi nikiandika programu ya kuweka hesabu ya vitabu vinavyoazimwa maktabani. Siku ya kuionyesha ikawadia. Mwalimu akaandika amri ya kutazama nani alifanya nini:

git log

Masalale! Hatua zote kumi na tisa zilikuwa na jina la kaka mmoja aliyekwisha kumaliza shule. Mwalimu akanitazama juu ya miwani. "Kijana, hii kazi umeitoa wapi?" Darasa likaguna. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwanza nieleze Git ni nini. Ni programu ya kutunza historia ya kazi, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005. Kila unapohifadhi hatua ya kazi yako, Git huipiga muhuri wa jina, anwani ya baruapepe, tarehe na saa. Haina vidude vya kubofya bofya kwa kipanya. Unaandika amri katika dirisha la maandishi matupu, nayo inatii. Sasa, ikiwa hakuna kitufe cha kubofya, mipangilio yake inafunguliwa wapi?

Jibu ni kwamba mipangilio yote ni maandishi ya kawaida ndani ya faili. Faili zenyewe ziko za namna tatu. Ya kwanza ni ya tarakilishi nzima. Ya pili ni ya mtumiaji mmoja, nayo huitwa .gitconfig. Ya tatu imo ndani ya folda ya kazi moja tu. Zikipingana, ile iliyo karibu zaidi na kazi ndiyo hushinda. Hapa shuleni neno la mwalimu mkuu hulishinda la kiranja wa bweni. Kwa Git mambo ni kinyume, kiranja ndiye mwenye kauli ya mwisho!

Ukitaka kujua mipangilio iliyopo na imetoka faili gani, andika:

git config --list --show-origin

Hapo ndipo nilipomkamata mwizi wangu. Tarakilishi za maabara yetu hutumia Linux, na sote twaingia kwa akaunti moja. Yule kaka alikuwa ameandika jina lake katika faili ya mtumiaji, akaenda zake. Kwa kawaida Git isipokuta jina lolote hukuuliza wewe ni nani. Mimi haikuniuliza, kwa sababu ilidhani yanijua.

Kufungua faili hiyo uirekebishe, amri ni hii:

git config --global --edit

Neno --global laonyesha faili ya mtumiaji, na --edit laamrisha ifunguliwe katika kihariri. Ndani utakuta kitu kama hiki:

[user]
    name = Jina Lako
    email = anwani yako

Mabano ya mraba hubeba kichwa cha fungu, na kila mstari chini yake ni pangilio moja na thamani yake. Mstari unaoanza kwa alama ya # ni maelezo ya binadamu tu, Git huupuuza. Chunga sana hayo mabano. Ukisahau kulifunga moja, Git hugoma kufanya kazi, lakini hukutajia faili na namba ya mstari wenye kosa. Basi unaifungua faili yenyewe kwa kihariri, unarekebisha, mambo yanaendelea.

Sasa tahadhari, bwana! Usipoichagulia Git kihariri, aghalabu hufungua vi, kilichoandikwa na Bill Joy mwaka wa 1976. Wengi wameingia humo wakashindwa kutoka. Mwenzangu mmoja alihangaika hadi akachomoa waya wa umeme! Na siri ni fupi tu. Bonyeza herufi i ndipo uandike. Ukimaliza bonyeza Esc, kisha andika :wq na ubonyeze Enter ili uhifadhi na kutoka. Ukiona umeharibu, bonyeza Esc, andika :q! halafu Enter, utatoka bila kuhifadhi kitu.

Anayeanza heri atumie nano, ambacho huonyesha vitufe vyake chini ya skrini. Kama kimo katika tarakilishi yako, mwambie Git hivi:

git config --global core.editor nano

Katika nano, Ctrl na O huhifadhi, na Ctrl na X hutoka.

Je, nilifuta jina la yule kaka na kuweka langu? Nilitaka sana, lakini Mwalimu alinizuia. "Ukiweka lako hapo," akasema, "na atakayekuja kesho naye atapoteza lake." Kweli tupu. Mahali panapotumiwa na wengi, jina huwekwa katika faili ya kazi yenyewe. Unaingia katika folda ya kazi yako na kuandika bila --global:

git config user.name "Jina Lako"

Vivyo hivyo kwa user.email. Lile la jumla tuliliondoa kabisa, ili Git imuulize kila mgeni.

Jambo moja lilinichoma. Kubadilisha mipangilio hakubadilishi yaliyopita. Hatua ya mwisho kabisa niliweza kuirekebisha:

git commit --amend --reset-author

Zile kumi na nane za nyuma zimebaki na jina la mwingine hadi leo. Kuziandika upya kunawezekana, ila ni kuifumua historia yote, na Mwalimu hakukubali tuanze mchezo huo. Badala yake alinisimamisha mbele ya darasa akaniuliza mstari baada ya mstari, huu unafanya nini, ule kwa nini uko hapo. Nilijibu kwa muda wa kipindi kizima, jasho likinitiririka. Mwishowe akasema, "Kazi ni yake," akaandika alama.

Tangu hapo kabla sijagusa kazi yoyote mimi huandika kwanza git config user.name, bila kitu mbele yake, na Git hunijibu jina lililopo. Ni sekunde mbili tu. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, nami wangu nusura uniangukie. Wenzangu, mkiingia maabara, ulizeni kwanza jina!