Safari ya Meli: Fupi au Ndefu kwa Mfanyabiashara wa Susuni?

Mfanyabiashara wa Susuni, wilayani Tarime, anayetaka kupumzika kwa safari ya majini ana njia mbili katika Ziwa Victoria. Ya kwanza ni fupi: kupita Bunda hadi Kisorya, kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi na kulala Nansio, Ukerewe. Ya pili ni ndefu: kushuka hadi Mwanza, kupanda meli na kusafiri usiku kwenda Bukoba.

Wengi hulinganisha nauli tu. Hesabu hiyo haitoshi. Gharama kubwa ya mapumziko ya mwenye duka haimo kwenye tiketi, bali katika siku ambazo mlango umefungwa.

Kwa mfano, duka linaloingiza faida ya sh. 20,000 kwa siku litakosa sh. 40,000 hadi 60,000 kwa safari ya Ukerewe ya siku mbili au tatu. Safari ya Bukoba, ikichukua siku nne hadi sita, itakula sh. 80,000 hadi 120,000, kabla ya nauli, chakula na malazi. Siku ya gulio ikiangukia humo, pengo ni kubwa zaidi. Mteja aliyekuta kufuli hununua kwa jirani, na huenda asirudi.

Hata hivyo, safari ndefu ina faida yake. Meli ya MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilikuwa miongoni mwa meli zilizounganisha Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Ilirejea majini mwaka 2020 baada ya ukarabati, ikiwa na nafasi ya abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Kwa mnunuzi wa kahawa, Bukoba ni shule: Tarime inalima arabika, Kagera inalima zaidi robusta. Siku mbili za kuuliza bei na kuona jinsi wenzake wanavyohifadhi mali zinaweza kurudisha gharama. Asiye na shughuli ya kuulizia huko atakuwa amelipia umbali tu.

Kosa jingine ni kudhani kwamba safari fupi ndiyo salama. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, ikitoka katika safari ndefu, na mamia ya watu walikufa. Lakini kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa katika safari fupi ya kutoka Bugorora kwenda Ukara na kilikuwa kimekaribia gati. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Kwa hiyo cha kutazama kwanza ni shehena na idadi ya watu, si umbali. Chombo kilichojaa kupita kiasi kisipandwe, hata kama tiketi imeshalipwa na kinachofuata ni cha kesho.

Kwa mwenye mtaji mdogo anayeendesha duka peke yake, safari ya Ukerewe baada ya siku ya gulio ndiyo inayofaa. Atarudi kabla gulio linalofuata halijafika. Mwenye msaidizi anayeaminika, aliyehesabu mali kabla ya kuondoka, anaweza kwenda Bukoba. Wote wawili waepuke kipindi cha mavuno na wiki za Desemba, wakati fedha inapozunguka zaidi vijijini.

Ratiba ya meli iulizwe kabla ya kuondoka nyumbani. Kutoka Sirari hadi Mwanza ni karibu kilomita 300, na atakayekuta meli imeondoka atalala mjini kwa gharama yake. Fedha ya safari itoke kwenye faida. Ikibidi kugusa mtaji, mapumziko yasubiri msimu mwingine.