Kitambaa cha Kochi na Kulabu Moja

Ingia sebule yoyote ya Oldonyo Sambu, barabara ya Arusha kwenda Namanga, na huenda ukaketi kwenye kochi lililotandikwa kitambaa cheupe cha kroshia. Shanga za akina mama wa Kimaasai na Kiarusha zina jina na watalii wake. Kitambaa hiki hakina mtalii, na wengi wetu hatukihesabu hata kuwa ufundi. Mimi nakihesabu kuwa lesi kamili, tena lesi ambayo mpaka leo kiwanda hakijaiweza.

Lesi ya Ulaya ilishika kasi karne ya 16, Italia na Flanders, kwa njia mbili. Ya kwanza ni sindano na uzi mmoja: fundi hujaza nafasi tupu kwa mishono kama ile ya tundu la kifungo. Ya pili ni nyuzi nyingi, kila mmoja kwenye kijiti chake, zikipishanishwa juu ya mto na kushikiliwa kwa pini. Zote zilikuwa anasa ya matajiri, hadi Mwingereza John Heathcoat alipopata hataza ya mashine ya kusuka wavu mwaka 1809. Lesi ya mita inayouzwa madukani mjini Arusha kwa magauni ya harusi ni kazi ya mashine.

Kroshia ilishika njia nyingine. Njaa kubwa ilipoipiga Ireland kuanzia 1845, masista na wanawake wenye uwezo waliwafundisha wasichana maskini kufuma lesi ya kroshia wapate cha kuuza. Vifaa vyake ni kulabu moja na uzi tu, na kazi unaweza kuiweka mfukoni na kuiendeleza popote. Wepesi huohuo ndio ulioifaa Afrika Mashariki, kwenye madarasa ya kazi za mikono na vikundi vya akina mama.

Mtazame fundi akianza kitambaa cha duara. Anafuma cheni sita, anaziunganisha kuwa pete. Anapanda kwa cheni tatu, zinazohesabika kuwa mshono mrefu wa kwanza, kisha anaendelea kuijaza pete kwa mishono mirefu mpaka ifike kumi na miwili. Kuanzia hapo, kama ni mishono mirefu mitupu, kila mzunguko uongezeke mishono kumi na miwili. Akiongeza pungufu, kitambaa kitajikunja kama kofia. Akizidisha, ukingo utapiga mawimbi. Ua la nanasi lina hesabu yake: hujengwa juu ya umbo la feni la mishono mirefu, halafu matao ya cheni hupungua moja kila mstari mpaka libaki moja kileleni. Anayefuma mananasi kumi na mawili kwenye kitambaa kimoja ana hesabu kumi na mbili kichwani, huku akipika na kuitikia hodi.

Mashine inashindwa wapi? Mashine ya kufuma hushika vitanzi vingi kwa mpigo, kila kimoja kwenye sindano yake, vikiwa vimepangwa safu. Katika kroshia kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu; kila mshono unafungwa kabisa kabla ya unaofuata, na kulabu huingia tundu lolote, upande wowote, hata kurudi nyuma. Mkono wa mtu unaliona tundu hilo na kulifikia. Viwanda huiga sura tu. Ukitaka kupambanua, fuata uzi: kwenye kroshia ya duara utazunguka kutoka katikati kwenda nje, kwenye ile ya kuigiza, nyuzi hukimbia sambamba toka ukingo hadi ukingo.

Kazi hii ya mkono yahitaji matunzo. Oldonyo Sambu iko upande mkavu wa Mlima Meru, na vumbi lake la udongo wa volkano ni laini lakini lina makali, likikaa ndani ya uzi huusaga. Kung'uta kitambaa nje kabla hujakilowesha. Ukikitia wanga, kinyooshe kingali kibichi juu ya taulo, ukibane kwa pini mpaka kikauke.

Na unapokinunua, kumbuka kwamba kila tundu unaloliona limepitiwa na mkono wa mtu. Omba upunguziwe bei ya sabuni na sukari. Hiki kilipe alichotaja mama aliyekifuma.